Tabaga Tisa Tupu

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Arua. Mvua tangu alfajiri. Zimebaki siku tano binti yangu Medina aolewe, na leo nimegundua shida ya maisha yangu: watu. Ninao wengi mno! Nimekaa kwenye cherehani barazani, na kabla ya saa nne wamepita watu kumi na mmoja. Mwenye kitambaa cha kushona, mmoja tu. Waliobaki walikuja kunisalimia.

Fundi mzuri hukata nyuzi zinazoning'inia. Nami ni fundi mzuri. Nimechukua daftari la vipimo, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto: WA KUSHIKA. Kulia: WA KUACHILIA.

Kushoto nimeandika jina moja. Kamisi, karani wa stoo ya sukari. Mji mzima unakunywa chai chungu, yeye ameniahidi gunia zima kwa ajili ya harusi, mradi nimshonee suti ya kaunda. Mtu wa maana huyo! Anavyoshuka garini bila hata kutazama tope!

Kulia majina tisa. Yalijiandika yenyewe. La kwanza Sulaiti, fundi wa baiskeli, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani. Nampenda Sulaiti. Lakini koti lake limeloa mafuta ya mnyororo, na wakwe zetu wanakuja kutoka Koboko lori zima, akiwemo Hawah, shangazi yake bwana harusi, ambaye nasikia akiingia nyumbani kwa mtu huhesabu matundu ya mkeka. La pili Candiru wa Ediofe, muuza karanga. Mama huyo akicheka, kengele ya kanisa lao haisikiki.

Jumanne, 3 Agosti

Kuandika jina ni rahisi. Kumwachilia mtu ni kazi!

Nimempita Sulaiti mara tatu bila kumsalimia, macho mbele. Mara ya nne akanikamata mkono, akasema pole ndugu, shingo imekaza. Akanikalisha kwenye benchi lake akanisugua na dawa ya kuchua. Nusu saa nzima. Shingo kwa kweli imekuwa nyepesi.

Jioni nikapata akili. Tabaga! Kwetu Wanubi chakula hakikai nyumba moja. Mke wangu Sadiya akipika, sinia linakwenda kwa jirani limefunikwa tabaga, zile kawa za rangi wanazosuka wanawake wetu. Jirani hairudishi tupu. Anapika chake, anafunika, anarudisha. Ndiyo sababu urafiki wa mtaa huu hauna mwisho, kila siku kuna tabaga ya huyu kwa yule. Nimeingia jikoni nikahesabu. Tisa! Na wenyewe ni wale wale tisa wa kulia.

Kesho nitazirudisha zote. Tupu. Hakuna tusi, hakuna ugomvi. Mwenye akili ataelewa.

Jumatano, 4 Agosti

Safi kabisa. Sadiya alipokwenda kusaga unga, nilibeba tabaga zote nikazunguka nyumba tisa. Nimevaa kanzu kuukuu nyeupe, zingine zinafuliwa kwa ajili ya harusi. Uso nimeukaza. Sikusema neno, maana nikisalimu tu nitaletewa kiti.

Candiru alifungua mwenyewe. Akatazama tabaga. Akatazama uso wangu. Akaweka mikono kichwani. Nikaona huyu ameelewa, nikaondoka mbio.

Mchana kutwa hakuna aliyepita barazani. Nimeshona kola ya Kamisi kwa amani. Sijui kwa nini sikuwaachilia watu zamani.

Alhamisi, 5 Agosti

Maskini mimi!

Asubuhi nimesikia kilio barabarani. Candiru mbele, nyuma yake wanawake wa Ediofe na kuni vichwani, nyuma yao majirani wote. Sulaiti amefunga duka lake. Wakaingia uani wakilia. Wamekuja matangani!

Tabaga hurudi tupu siku moja tu: siku nyumba ina msiba na jiko halijawashwa. Mtaa mzima unajua. Hata mimi najua! Tulipomzika baba nilizirudisha kwa mikono yangu mwenyewe, nimevaa kanzu nyeupe ile ile. Nilisahau vipi? Kichwa kilikuwa kwenye sukari.

Wameamua wenyewe aliyekufa ni mama yangu, Mariam Poni, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mama alikuwa chumba cha nyuma anamenya karanga. Akatoka kuuliza makelele ya nini. Wanawake watatu wakakimbia hadi nje ya ua. Candiru alikuwa katikati ya kumsifu, akanyamaza mdomo wazi. Mama akavuta kigoda, akaketi, akamwambia aendelee, hajamaliza. Basi wakaendelea! Karibu saa nzima wamemsifu mama mbele ya macho yake, naye anawasahihisha miaka. Sijaona mtu kama mama yangu.

Halafu likaja la kuvunja mgongo. Basi la jana lilishafikisha habari Koboko. Dereva wa lori lililokuwa likipita kwenda kusini ametuletea salamu za Hawah: poleni sana, harusi isubiri arobaini iishe. Arobaini! Hiyo ni katikati ya Ramadhani. Na Nasuru, bwana harusi, anarudi kazini Moroto Jumanne, likizo nyingine hadi mwakani.

Medina hakulia. Alikunja gauni lake la harusi nililomshonea mwezi mzima, akaniuliza kwa adabu kama nitahitaji vifungo vyake kwa kazi nyingine. Afadhali angelia. Nilitamani ardhi inifiche.

Simu ya posta imekufa. Basi halina mafuta. Nikakimbia kwa Kamisi kuomba gari. Akauliza suti iko wapi. Nikamweleza habari ya binti yangu. Akasema gari ni la kazi ya serikali, na kola isiwe ndefu.

Niliporudi, Sulaiti alikuwa amegeuza baiskeli yake miguu juu, anakaza magurudumu. Hakuniuliza tabaga yake ilirudi tupu kwa nini. Nilitaka aandike barua, mama akakataa. Hawah iko mutu ya macho, alisema, hapana ya karatasi. Ataenda mwenyewe.

Mwenyewe! Maili thelathini na tano, tope hadi kwenye ekseli, na mama ana miaka sabini na kitu! Sulaiti akafunga mto kwenye keria. Mama akapanda kiubavu na mwavuli wake. Wameondoka saa sita wakibishana njia ipi ina mawe machache. Nimesimama barabarani hadi mwavuli ukapotea. Moyo wangu ulijaa. Nilikuwa bado nimeshika suruali ya Kamisi.

Ijumaa, 6 Agosti

Sikupata usingizi. Sadiya amekuta daftari. Amesoma ukurasa wote, mstari kwa mstari, kisha akaniita Baba Medina kwa sauti ya chini. Akauchana ukurasa akatoka nao. Nikadhani anakwenda kwa kadhi.

Baada ya sala ya Ijumaa, habari kutoka Koboko! Walifika jana wakati wa magharibi, wote wawili rangi ya udongo. Ua wa Hawah umejaa waombolezaji. Mama akashuka, akachukua kikombe cha chai ya matanga yake, akaonja, akamuuliza Hawah kama kweli yeye alistahili chai ya maji matupu namna hii. Hawah alikaa juu ya sufuria. Alipoinuka alisema harusi ni Jumamosi, kama ilivyopangwa.

Nimemwambia Medina. Sasa ndiyo amelia.

Jumamosi, 7 Agosti

Harusi! Lori limefika saa tano. Mama mbele kando ya dereva, ameshika mwavuli kama mkuu wa mkoa. Sulaiti juu pamoja na baiskeli yake, na lile koti.

Na ua wangu, jamani! Hapakuwa na pa kuweka mguu. Sadiya alikuwa amechukua safu ya WA KUACHILIA akaipeleka nyumba kwa nyumba. Ndiyo iliyokuwa orodha ya wageni. Alisema safu ya kushoto haikumfaa, ina jina moja. Wote tisa wamekuja na watu wao, na tabaga tisa zimerudi, kila moja imefunika chakula. Candiru kaleta vibuyu viwili vya asali, tukakoroga kwenye chai. Chai ya asali! Nimekunywa vikombe vinne.

Kamisi hakuja. Alituma mtu kuchukua suti. Gunia la sukari, anasema, mwezi ujao. Na suruali ipanuliwe kiunoni.

Hawah amezunguka ua mara mbili, macho kila mahali. Nikajua anahesabu. Mwisho akanijia, akasema ameozesha watoto wengi wa kaka zake, hajaona nyumba ya bibi harusi yenye watu namna hii. Aliuliza nimewapataje. Nikasema ni mpango tu.

Medina alicheka kutwa. Sulaiti alicheza hadi koti likafunguka mshono begani. Nililivua nikalishona pale pale, machozi yananitoka, na sioni haya kuyaandika. Sina rafiki mwingine kama yule.

Jumapili, 8 Agosti

Nimekaa, nimefikiri vizuri. Mpango wangu haukuwa na kosa! Orodha ilikuwa sahihi, wote tisa walifika. Kosa lilikuwa la tabaga tu. Na la kanzu kidogo.

Nimeanza ukurasa mpya. Kamisi nimemhamishia kulia, hanifai. Kushoto kuna jina jipya. Hawah kanong'oneza jana kwamba kaka yake ndiye msimamizi wa ghala la vitambaa huko Koboko. Marobota hadi darini! Mtu wa namna hiyo lazima nimshike mapema, kabla mafundi wengine hawajasikia.

Lakini hawezi kuja kunitembelea akakuta barazani watu wenye mafuta ya mnyororo. Kwa hiyo nimeandika tena kulia, na safari hii kwa kalamu ya wino: Sulaiti.

Nitamwambia uso kwa uso, kiungwana. Si leo, kwanza naenda Koboko kumwona huyo msimamizi. Basi bado halina mafuta, na Koboko ni maili thelathini na tano. Nimeshamuomba baiskeli. Amekubali, sasa hivi anajaza upepo, na ameniambia niuache mto ule ule kwenye keria, wa kukalia njiani nikichoka.

Nikiirudisha tu, namwachilia.