Woga: Tatu kwa Kumi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Shule zimefungwa. Bi Hajira, balozi wetu wa nyumba kumi hapa Gerezani, katangaza: likizo hii watoto wa mtaa wataruhusiwa kibanda kimoja tu cha kuonyesha picha za video. Changu, au cha Abdulmalik ng'ambo ya uchochoro. Atachagua Jumamosi. Sharti: picha isitishe. Mtoto mmoja akikojoa kitandani, nimekwisha.

Ninayo! Vichekesho vya mpira: timu ya watoto haina kipa, basi mzimu unajitolea kudaka. Mwili hauonekani, glovu tu zinaelea golini. Nimeipima saa nane mchana, pazia chini. Kuruka kitini: mara mbili. Nywele kusimama: mara moja (huenda ni feni). Woga: tatu kwa kumi. Inafaa.

Jumanne, 4 Juni
Abdulmalik anatangaza kwangu kuna majini. Kwenye chai kaniuliza, mbele ya mafundi gereji, kama glovu zangu zinadaka au zinakaba. Wakacheka hadi chai ikawapalia. Nikalipia chai yangu kwa heshima.

Nimepata mbinu. Picha ni ya kigeni, na mtafsiri ni mimi, na maiki yangu. Nisemalo ndilo walisikialo. Mgeni hutisha, wa nyumbani hatishi. Basi mzimu utakuwa babu wa hapahapa, kipa mstaafu, mpole. Nimempa jina: Babu Bushiri. Limenijia tu.

Jumatano, 5 Juni
Jaribio. Watoto tisa. Nikawaambia zile ni glovu za Babu Bushiri, wamwamkie. Wakapaza kwa pamoja: shikamoo babu! Spika ikaitika: marahaba, wajukuu zangu.

Sauti ya mzee. Maiki ilikuwa mapajani kwangu, imezimwa.

Nimekagua waya mmoja mmoja. Hitimisho: hujuma ya Abdulmalik. Hata hivyo hakuna mtoto aliyelia. Chiku, miaka sita, alijisogeza kwenye benchi kumpisha mtu akae. Woga: mbili.

Alhamisi, 6 Juni
Chiku kaniuliza kwa nini mkono wa kushoto wa babu una vidole vitatu. Sikutafsiri kitu kama hicho! Nimerudia picha peke yangu. Kila nikiirudisha nyuma, glovu zinakuwa karibu zaidi na kioo. Woga, watoto: moja. Woga, mimi: nane. Hii ya pili sitaiwasilisha.

Jumamosi, 8 Juni
Ukaguzi. Bi Hajira benchi la mbele, mikono kifuani. Kila kitu shwari hadi nilipotaja jina. Akasimama. Akataka kujua nani kaniambia.

Bushiri ni marehemu mumewe! Kipa wa timu ya karakana ya reli. Mashine ilimkata vidole viwili, mkono wa kushoto. Alizikwa mwaka mmoja kabla sijahamia mtaa huu. Nikaapa kwamba sikujua. Watoto, bila kuagizwa, wakaamkia. Spika ikaitika. Kisha ikauliza, taratibu, kama ule mgongo wa Hajira umepona.

Bi Hajira akajibu kwamba umepona, isipokuwa siku za mvua. Akakaa. Akatazama hadi mwisho, akicheka huku machozi yanamtiririka.

Uamuzi wake: watoto waende kwa Abdulmalik. Kwangu atakuja yeye, kila siku saa nane, picha ileile. Mimi nikae nje. Maiki niiache.

Jumapili, 9 Juni
Nimeketi nje ya kibanda changu mwenyewe tangu saa nane. Ndani watu wawili wanazungumza. Abdulmalik kapita na msururu wa watoto, akapaza sauti: “Vipi kaka Uwesu, umefungwa ngapi?”

Nimechambua kosa kwa utulivu. Ni dogo: nilichagua marehemu mwenye mjane mtaani. Uzembe!

Ninayo picha nyingine. Watoto wanashindana kuogelea, kuna mkono tu unaotoka chini ya maji. Vichekesho vitupu. Woga: mbili kwa kumi. Unahitaji mtu wa nyumbani tu, asiye na mke. Jina nimeshapata: Shukuru.

Limenijia tu, nikiwa nanawa uso.