Mkia wa Yule Anayeitwa Simba

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika. Chumba kina dirisha la kutazama bahari, kitanda kinacholia kama mlango wa ghala, na feni yenye kasi moja tu: hasira. Mke wangu alifungua pazia, akavuta pumzi ndefu, kisha akatangaza sheria. Wiki nzima ni ya bahari. Hakuna magofu. Hakuna mapango. Alinikumbusha likizo iliyopita, alivyokaa juu ya ukuta uliobomoka, jua la utosini, mimi nikigombana na mwongoza watalii kuhusu umri wa choo. (Nilishinda.) Anataka kitu kimoja tu: tuingie majini pamoja, nimshike mkono, aelee. Ameniomba hivyo tangu harusi. Nikimdanganya tena, anafunga begi, na likizo zote zilizobaki duniani atakwenda na dada yake.

Nimeapa. Niliapa huku nikitazama, juu ya bega lake, paa la Jumba la Makumbusho.

Hoteli kuwa karibu na jumba hilo ni bahati tu. Bahati niliyoitafuta tangu mwezi wa pili!

Mle ndani amelala Yule. Sanamu ya mawe, mnyama aliyejilaza, uso umelika. Kibao chake kinasema SIMBA. Mwaka baada ya mwaka nimeandika gazetini kwamba ni mbwa. Na mwaka baada ya mwaka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu anayedhani kustaafu ni shahada, amenijibu kwamba ni simba. Sijawahi kumwona mnyama huyo kwa macho. Hilo halijawahi kunizuia kusema kweli.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango! Nimemwambia mke wangu daktari amenishauri niwe nakimbia ufukweni kila asubuhi. Alishtuka. Akafurahi. Akanifunga kamba za viatu kwa mkono wake. Nilikimbia mpaka kona, nikapanda basi.

Jumba hufungwa Jumatatu.

Nani hufunga historia Jumatatu? Nilitunga makala kali palepale langoni, kwa sauti. Mlinzi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mzee, nenda kapumzike, urudi kesho. Mzee! Mimi!

Nikarudi hotelini mkavu kama karatasi. Mke wangu aliuliza imekuwaje mtu atoke kukimbia ufukweni bila punje ya mchanga. Nikasema nakimbia kwa uangalifu. Alinikata jicho. Hatari.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimefikiri kama jemadari. Kabla ya basi nilipitia ufukweni, nikajaza chupa maji ya bahari na mifuko ya kaptula mchanga. Ushahidi! Wakati wa kurudi najimwagia msalani, najipaka mchanga, naingia chumbani nikihema. Mlinzi aliiona chupa, akadhani ni maji ya kunywa.

Hatimaye, Yule. Ameegemezwa ukutani ubavu mmoja kama mgonjwa. Machozi yalinilenga. Mbwa! Mbwa mtupu! Mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa na mbwa anayajua yale mabega. Niliwaeleza hivyo wageni waliokuwa karibu. Wakahamia chumba kingine. Waoga.

Jioni mke wangu alininusa begani, akatabasamu, akasema nanukia bahari. Basi kesho tuingie wote. Nikasema nina goti. Akauliza goti gani. Nikasema lolote. Uso wake ulishuka. Sikupenda. Lakini vita ni vita.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike polepole.

Niliinama juu ya kamba ya kuzuia wageni ili nichungulie mkia, ambao umefichwa na ukuta. Kifuniko cha chupa kikafyatuka. Maji yote chini ya mnyama! Mlinzi akaja mbio, akauliza ni maji ya nini. Kwa mara ya kwanza wiki hii nikasema ukweli: ya bahari. Mhifadhi wa mawe, mama mwenye glavu nyeupe, akapiga yowe. Chumvi! Chumvi ikiingia kwenye jiwe, jiwe humeguka kama biskuti. Wakanipekua. Mchanga ukamwagika sakafuni. Mlinzi akauliza kama nilikuja kumzika mnyama kabisa.

Wakampigia mke wangu. Alikuja vilevile alivyotoka majini, nywele zinatiririka, ndala miguuni. Hakufoka. Heri angefoka. Aliuliza neno moja tu: "Na goti?"

Nikasema limepona.

Ili jiwe likaushwe, ilibidi mnyama avutwe kutoka ukutani. Mikanda, magurudumu, wanaume wanne, jasho. Na nyuma yake, loo! Mkia! Umejikunja juu ya mgongo kama konokono! Mhifadhi akaleta tochi, akautazama, akakiri kwa shida kwamba mnyama yule ameegemezwa pale tangu kabla hajazaliwa yeye, na kwamba hamjui simba anayebeba mkia hivyo.

Nilishangilia hadi nikaonywa. Mke wangu aliutazama mkia, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akasema: "Kumbe miaka yote hii ulikuwa sahihi. Na bado hufai."

Nimepigwa marufuku kuingia jumbani milele. Bei ndogo!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia shemeji. Anasema simba akizeeka mkia hujikunja. Maskini. Nilimpa vidonge vyake mpaka akakata simu.

Mke wangu hayupo. Amekwenda makumbusho! Mhifadhi amemwalika aone wanavyobandika karatasi mbichi juu ya jiwe ili zinyonye chumvi. Mimi nimeachwa ufukweni nalinda ndala. Jioni amerudi macho yanawaka: kibao cha SIMBA kimeondolewa! Sasa kimewekwa MNYAMA ALIYELALA. Ushindi! Ushindi mtupu!

Begi lake, hata hivyo, liko kitandani, limefungwa. Anasema litafunguliwa nikilowa. Kwa maji ya baharini, siyo ya chupa.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeingia. Nilimshika mkono. Alilala juu ya maji, akafumba macho, akaelea, akacheka kama enzi za uchumba wetu. Begi limefunguliwa. Hakika mimi ni mume mwema.

Akiwa anaelea alinisimulia aliyoyaona jana, hata yule ng'ombe wa mawe wa chumba cha pili. Ng'ombe! Nimeiona picha yake. Ni kiboko, mtoto mdogo angejua. Nikauliza, kwa upole, kama naye ameegemezwa ukutani. Akasema ndiyo, kwa nini?

Nikasema basi tu.

Kofia yake ya jua ni pana, inafunika uso wote. Mlinzi hatanijua. Mkono wa kulia nilimshika mke wangu, barabara kabisa. Wa kushoto, chini ya maji, ulikuwa unajaza chupa.