Mpishi wa Tambi Kufungiwa Pamoja na Programu

Jikoni, ghorofa ya chini,
Nanshan, Shenzhen.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wafanyakazi,
ghorofa ya kumi na nne.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakushukuru kwa mchele na mafuta ya kupikia ambayo chama kilitugawia kwa ajili ya sikukuu. Mafuta ni mazuri. Sina lalamiko lolote juu ya mafuta, na naomba barua hii isieleweke vibaya upande huo.

Mimi ni Dang Manku, mpishi wa tambi za kuvuta kwa mkono, mwenyeji wa Heyang, mkoa wa Shaanxi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe. Ila nikisema kweli usinisamehe, nisaidie. Naandika kwa sababu nimenyimwa likizo ya Sikukuu ya Machipuko, na sababu niliyopewa nadhani haijawahi kupewa mpishi yeyote tangu watu waanze kula. Siku ya sita ya mwaka mpya wazazi wa binti anayechumbiwa na mwanangu Yuanze wanakuja kwetu kuitazama familia. Sikukuu iliyopita sikwenda nyumbani, na ile ya kabla yake pia sikwenda. Safari hii wageni wakikuta kiti cha baba kitupu watadhani nimekufa au niko jela, na mke wangu anasema hajui lipi kati ya hayo alikanushe kwanza.

Chanzo cha yote ni ghorofa ya tisa. Kampuni yetu, kama ujuavyo, ina programu ya kukatia tiketi za treni. Zamani walioandika programu walikaa ghorofa ya tisa na walioilinda isianguke walikaa ya sita, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kununiana kwenye lifti. Wa juu wakimaliza kuandika kitu walikitupa chini. Kikiharibika, wa chini ndio waliopigiwa simu. Kisha ikaja njia mpya wanayoiita Devopsi. Wakakalishwa meza moja, wakaambiwa aliyekiandika ndiye atakayekilinda. Mimi sina ugomvi na hilo. Tangu hapo programu haianguki ovyo, nao wanakula wametulia. Ugomvi wangu ni kwamba meneja wetu wa jikoni, Bwana Kuang, siku ya mafunzo yao alipeleka chai, akakaribishwa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akashuka jikoni macho yanamng'aa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu ukuta. Kati ya jikoni na ukumbi wa kulia palikuwa na ukuta wenye kidirisha. Nilivuta tambi, nikapitisha bakuli, mkono wa mtu ukalichukua, kazi yangu ikaishia hapo. Bwana Kuang ameuvunja ukuta. Sasa anayepika ndiye anayelinda, mpaka chakula kitulie tumboni mwa mlaji, na simu ya jikoni nimevishwa shingoni. Juzi saa ya kulala mchana nimejinyoosha juu ya magunia ya unga, simu ikalia. Ni Injinia Xi wa ghorofa ya tisa. "Fundi Dang, tambi zako zimenikaa." Nikamuuliza zimemkaa wapi. "Hapa chini ya mbavu. Zimegoma." Nikamwambia alalie upande wa pili. "Nimeshageuka, Fundi. Panda tu uje uzione." Ndugu Mwenyekiti, nitazionaje tambi zilizo ndani ya mtu? Nilipanda na chupa ya siki. Nikamkuta amelala kwenye kitanda chake cha kukunja chini ya meza, wenzake wamemzunguka wanalikodolea macho tumbo lake, na mmoja ananizuia kwa mkono: "Ngoja Fundi, usimpe kitu kwanza. Tuone kama litajirekebisha lenyewe."

2. Kuhusu kidogo kidogo. Wamefundishwa kwamba badiliko kubwa la mara moja ndilo linaloangusha mitambo, kwa hiyo kila kitu kifanywe kwa vipande vidogo na kila kipande kipimwe. Zamani nilitia chumvi kwenye supu mara moja, kwa kiganja. Sasa naitia kwa ncha ya kijiko, na kila ncha Shangazi Leng, yule mama wa kuosha vyombo, anaonja na kubonyeza kitufe. Ikiwaka taa ya kijani, naendelea. Ikiwaka nyekundu, kila mtu aache alichokuwa anafanya. Siku moja iliwaka nyekundu nikiwa nimenyoosha tambi mikono miwili, nikabaki vile kama mtu anayemwonyesha mteja shuka, mpaka foleni ikafika kwenye lifti. Shangazi Leng akasema, "Samahani Fundi, kumbe nimeegemea kitufe."

Hapohapo kuna suala la Bwana Bu wa uhasibu. Mafuta mapya ya pilipili siku hizi hayapewi watu wote. Anapewa kwanza Bwana Bu peke yake. Asipotokwa jasho, wanapewa ghorofa moja. Ghorofa hiyo ikinyamaza, linapewa jengo zima. Nilimuuliza Bwana Kuang kwa nini iwe Bwana Bu. Akasema, "Kwa sababu huwa halalamiki." Naomba chama kimtembelee Bwana Bu.

3. Kuhusu lawama. Mwezi uliopita nilitia sukari kwenye unga wa tambi badala ya chumvi. Mpishi mkuu wa zamani, aliyestaafu, angenitukana mimi, ukoo wangu na punda wetu, kisha angenipa sigara, na yote yangekwisha kabla maji hayajachemka. Safari hii niliitwa kwenye kikao ghorofa ya tisa. Nikapewa chai. "Kwa nini ulitia sukari?" Nilidhani ni chumvi. "Kwa nini ulidhani?" Makopo yanafanana. "Kwa nini yanafanana?" Yalinunuliwa pamoja. Waliendelea hivyo mchana kutwa, na kufikia jioni tulikuwa tumemfikia mtu aliyechora ramani ya jengo. Nikasimama, nikasema jamani, ni mimi. Injinia Shu, dada mpole anayewaongoza, akanishika bega: "Si wewe, Fundi. Ni mfumo." Nikamwambia mfumo hauna mikono. "Hapa hatumlaumu mtu, Fundi. Kaa, unywe chai yako." Basi nilirudi na kosa langu kama nilivyokwenda nalo, nikalala nalo.

Ni kweli kwamba kesho yake makopo yalipakwa rangi tofauti, na tangu hapo sijakosea. Lakini hilo si jibu. Mtu wa umri wangu ana haki ya kufokewa, na naomba haki hiyo irudishwe.

4. Kuhusu basi. Walichora jiko letu kwenye ubao, kila mtu na kazi yake, wakanizungushia mimi duara kwa kalamu nyekundu. Bwana Kuang akawaeleza wapishi wote: "Fundi Dang akigongwa na basi kesho, jengo zima halili." Sikufichi, nilifurahi. Nilipiga picha ubao ule nikamtumia mke wangu. Simu ikaja muda uleule: "Baba Yuanze, basi gani hilo? Umeumia wapi?" Nikamwambia hakuna basi. "Sasa kama hakuna basi, wamekuchora kwa nini?" Sikuweza kumweleza, kwa sababu hata mimi sijaelezwa. Baada ya hapo niliamriwa kumfundisha Shangazi Leng kuvuta tambi, ili basi likija likute tuko wawili. Nimemfundisha, kwa kuwa ni amri. Nilibakiza jambo moja dogo tu kuhusu kuulaza unga upumzike kabla ya kuuvuta, kama fundi yeyote mwenye akili zake angefanya.

5. Kuhusu kufungiwa, na hapa ndipo penye kilio changu. Sikukuu inapokaribia, nchi nzima inataka tiketi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wao hujikataza kugusa chochote. Programu inafungiwa kama ilivyo mpaka Sikukuu ya Taa, siku ya kumi na tano ya mwaka mpya, ipite. Hata nukta haihamishwi, isije ikaangusha kitu watu wakakwama stesheni. Naona ni busara. Nilipopeleka ombi langu la likizo, Bwana Kuang alilisoma, akalikunja, akanirudishia. "Fundi, tumefungia. Kuondoka kwako ni badiliko." Nikamwambia kuondoka kwangu ni likizo. "Sasa hivi jikoni upo. Ukiondoka, hupo. Hilo si badiliko?" Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na naona kama ni sheria basi ifuatwe mpaka mwisho. Kama mimi nimefungiwa, goti langu la kushoto nalo lifungiwe, maana kila asubuhi linaamka na tabia mpya. Nywele za Bwana Kuang zifungiwe. Tangu aanze mafunzo zinapungua. Kalenda ifungiwe, siku ya sita isifike. Na chama kiandike barua yenye mhuri kwa wazazi wa binti, kuwaarifu kwamba mapenzi ya watoto wetu yamefungiwa kama yalivyo mpaka Sikukuu ya Taa ipite, na kwamba binti asitazame mvulana mwingine kwa kipindi hicho, kwa kuwa hilo litakuwa badiliko. Ningewaandikia mwenyewe, lakini mimi mhuri wangu ni unga tu.

Mtu wa Harbin anafika kwao. Mtu wa Kunming anafika kwao. Wote wanafikishwa na programu inayolindwa na watu wanaokula tambi zangu, na mimi ndiye niliyekwama nyuma ya sufuria. Mwanangu hajaniomba kitu chochote mwaka huu isipokuwa nikae kwenye kiti hicho siku hiyo moja. Hata kusema sina haja ya kusema. Nikae tu, nionekane nina afya.

Kwa hiyo naomba Devopsi iondolewe jikoni na kurudishwa ghorofa ya tisa, ukuta ujengwe upya pamoja na kidirisha chake, na mimi nipewe likizo. Hoja yangu ni nyepesi. Hakuna mtu mwingine jikoni anayeiweza kazi yangu, jambo ambalo wao wenyewe wamelizungushia kalamu nyekundu. Na mtu wa muhimu kiasi hicho hafai kuzuiwa kwenda anakotaka.

Nisalimie mweka hazina, na yule dada wa mapokezi anayenitunzia vifurushi vyangu. Msalimie mlinzi wa geti la nyuma, mwambie deni lake la vitunguu saumu nimelisamehe. Bwana Bu nitamsalimia mwenyewe nikimpelekea pilipili ya leo.

Ni mimi, mwanachama wako mwenye unga mikononi,

Dang Manku

N.B. Kabla sijaitia barua hii kwenye bahasha, Injinia Shu ameshuka jikoni. "Fundi, vua aproni, leo kula na sisi." Kumbe wana desturi ya kuchomoa kitu kimoja makusudi, mchana kweupe, kuona kama vilivyobaki vitasimama. Leo wamenichomoa mimi. Nilikalishwa ukumbini nikasubiri taa nyekundu iwake. Haikuwaka. Nililetewa bakuli, nikalimaliza, nikaagiza la pili kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika. Injinia Xi, ambaye hakuwa na habari, alipita nyuma yangu akanigonga bega: "Fundi, leo umepatia kweli." Nilipomuuliza Shangazi Leng kuhusu kuulaza unga, alisema alikuwa akiniona nikifanya kila asubuhi, alidhani nimesahau kumwambia kwa uchovu, akaona aibu kunikumbusha.

Bwana Kuang ameisaini likizo. Amesema, "Si badiliko tena, Fundi. Hakuna atakayegundua." Tiketi ninayo, nitafika kabla ya wageni, na Yuanze nimeshampigia. Kwa hiyo maombi yangu yote ya hapo juu nayafuta, ukuta ubaki ulivyovunjwa, na badala yake naleta ombi moja tu, nalo ni la haraka. Shangazi Leng afungiwe. Asibadilishe kitu chochote, na hasa asizidi kupatia, mpaka nitakaporudi.