Daktari wa Mazoezi Asipewe Uprofesa

Kwako Mkuu wa Chuo,

Habari za kazi. Mimi ni kibarua kwenye jengo lenu jipya, lile la mazoezi na afya. Napandisha vigae. Mmebandika tangazo getini kwamba mnataka kumpa Daktari wa Mazoezi uprofesa, na mwananchi mwenye neno aliandike. Mimi ninalo. Msimpe. Sababu ni hizi.

1. Anatufundisha kazi tunayoifanya. Alikuja na kipaza sauti akasema mwili usiotembea unaharibika. Sisi hapo tumetoka kupandisha vigae ghorofa ya saba, wengine wamelala chali kwenye mchanga. Fundi rangi akamuuliza, "Daktari, na mwili uliochoka kutembea, nao unakuwaje?" Akaandika. Kila ukimuuliza kitu anaandika.

2. Ngazini kabandika picha ya moyo unaocheka. Chini yake: Acha lifti, panda ngazi. Mkuu, lifti tumekatazwa. Msimamizi anasema vibarua tutaichafua. Sasa mtu una boksi begani, jasho linaingia machoni, ukifika kona moyo unakuchekea. Wenzangu walikuwa wanausonya wakipita.

3. Usawa. Hili ndilo limenikaa kooni. Anasema afya igawanywe sawa, maskini wasipunjwe mazoezi. Nikakaa nikawaza. Kama mazoezi ndiyo afya, basi mliopunjwa ni nyinyi. Sisi tumejilimbikizia. Tumekula mazoezi ya chuo kizima na hakuna aliyetukamata. Kwa hiyo naomba tugawane. Mhasibu achukue zamu yangu ya asubuhi. Wewe Mkuu, kwa umbo nililoliona siku ya jiwe la msingi, uchukue zege, bila kukukosea heshima. Mimi nitakaa ofisini kwako, kwenye kiti kile kinachozunguka, niteseke kwa niaba yenu. Sitalalamika.

4. Hilo la tatu nilimwambia yeye mwenyewe mbele za watu. Nilitegemea akasirike. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akajitwika boksi la vigae. Ghorofa ya pili akakaa kwenye ngazi, anahema. Akasema, "Baba, haya siyo mazoezi. Huku ni kuuana." Akashuka moja kwa moja kwa msimamizi. Waligombana, tulisikia wote. Kesho yake lifti tukafunguliwa, na benchi la kupumzikia likawekwa kivulini. Ule moyo kaubandua kwa mkono wake. Sasa niambie, mtu wa mazoezi anawapunguzia watu mazoezi, huyo ni msomi wa namna gani?

5. Jumamosi jioni anakusanya watu wa mtaa wetu kwenye uwanja wa shule. Mke wangu alifariki. Tangu hapo nilikuwa nikitoka kazini nafunga mlango, basi. Kimya changu nilishakizoea. Daktari akaja kugonga. Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Usikimbie, baba. Njoo ukae tu, utucheke." Nikaenda ili aniache. Sasa nikikosa Jumamosi moja, mama muuza mkaa anakuja kunigongea, "We mzee, umekufa au unaringa?" Siku hizi najulikana mtaa mzima. Utulivu wangu nani atanirudishia?

6. Na hili ndilo kubwa. Kabla yake alikuwepo mwingine, naye alikuwa anakuja mtaani. Mlipompa uprofesa mkampa na ofisi, na kikao juu ya kikao. Hatukumwona tena. Tunamwona kwenye bango. Uwanja ukaota nyasi, watu wakarudi kujifungia. Mkimpa na huyu itakuwa yaleyale. Na ofisi aliyotengewa naijua, vigae vyake nimepandisha mimi. Nimechungulia dirishani. Mtaa wetu hauonekani.

Kwa hiyo abaki Daktari hivyohivyo. Anatutosha.

Nisalimie walimu wote, makarani, wafagizi, na mlinzi wa getini aliyeniazima kalamu. Wake zenu na waume zenu pia.

Ni mimi,
Mpandisha vigae

Nyongeza: Nimemsomea mama muuza mkaa barua hii. Kanisonya mpaka mwisho. Anasema Daktari mwenyewe kamwambia kwamba asipopanda cheo mwaka huu, mkataba unaisha na anaondoka kabisa. Mbona hilo hamkuliandika kwenye tangazo? Basi mpeni. Futa moja mpaka sita. Mpeni hata viwili kama vipo. Ila sherehe msiiweke Jumamosi jioni, mtakuta viti vitupu hapo chuoni. Yeye atakuwa huku kwetu, na mimi nitakuwa mbele, maana siku hizi mimi ndiye ninayewaongoza wazee kunyoosha viungo.