Katibu Hataki Kulima

Jumatatu, 1 Novemba 1993

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mvua ya kwanza imenyesha vizuri, majirani wote wanangoja kesho waingie shambani. Mimi nikataka kuwatangulia. Baada ya misa nikamfunga nira maksai wangu Katibu pamoja na dume mchanga wa kuazima. Katibu akatembea hatua chache, akalala chini na nira yake. Dume naye akalala. Mke wangu Fortunata, aliyekuwa ameshika plau, akaniuliza kama na yeye alale.

Katibu si mvivu. Ana huzuni. Najua kwa sababu nina kipaji: wanyama hunieleza ya moyoni kwa macho tu. Tangu utotoni kuku walikuwa wananifuata kila ninapokwenda. Marehemu mama alidai ni kwa sababu ya ulezi mfukoni mwangu. Mama hakuwa na kipaji.

Mwezi uliopita maksai wangu wa pili, Diwani, aliyevuta plau bega kwa bega na Katibu tangu wakiwa ndama, alinitazama akanieleza kwamba amechoka na hapa, anataka kubadilisha mazingira. Ikatokea kwamba siku hiyohiyo jirani yetu Isdori alikuwa amerudi kutoka Tunduma na redio kaseti mpya. Tukabadilishana. Sikufanya kwa ajili ya redio. Nilifanya kwa ajili ya Diwani.

Leo Katibu amenitazama akasema sikukuu haifanyiwi kazi. Nimekubaliana naye, nimekwenda kulala. Fortunata anauliza huyu ng'ombe alibatizwa lini.

Jumanne, 2 Novemba

Katibu hali. Pumba hajagusa, maji kanusa tu. Kasimama kwenye kona ya zizi, kichwa kakielekeza kwa Isdori.

Nikamsikiliza kwa utulivu. Anataka muziki! Nikampelekea redio, nikaifungulia mpaka mwisho. Bahati mbaya ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Tukasikiliza pamoja: marehemu wa Kondoa, marehemu wa Songea, na ndugu wafiwa popote walipo. Katibu akashusha pumzi ndefu. Nikaweka kaseti ya dansi haraka, akanigeuzia makalio. Kisha akarudi kinyumenyume. Redio ilikuwa nyuma yake.

Imebaki kamba ya kubebea. Simlaumu. Mwenye huzuni hatazami anapokanyaga. Mabaki nimeyafukia kwenye samadi, Fortunata asije akaingiwa na huzuni naye.

Jumatano, 3 Novemba

Shemeji Zenon, kaka yake Fortunata mwenye bucha mjini, kapita kutusalimia. Hakutusalimia sana. Alimzunguka Katibu, akamkandakanda mgongo, akasema huyu akiendelea kufunga hivi itabaki ngozi. Heri amchukue Jumamosi, angali ana kitu. Nikamwambia hapa hachinjwi mtu. Akauliza nani kasema mtu.

Fortunata akatuacha zizini. Akachukua jembe la mkono, akaenda kulima peke yake. Mgongo wake haujapona tangu masika. Moyo uliniuma kumwona ameinama vile, na mimi mume wa watu nimesimama zizini.

Nikamuuliza Katibu anataka nini hasa. Akasema pombe ya ulezi. Nilishangaa, lakini ndivyo alivyosema. Nikaenda kwa Mama Leonia nikaleta kibuyu kizima. Katibu akanusa, akapiga chafya humohumo. Kumwaga kinywaji cha mgonjwa ni kumtukana, kwa hiyo nikanywa kwa niaba yake. Nimeamka jioni nimelalia pumba zake. Yeye alikuwa wima vilevile, ananitazama. Nikaona leo nisitafsiri.

Alhamisi, 4 Novemba

Isdori kaja kwenye ua. Anasema Diwani kamshinda, anasimama kutwa akilia kuelekea kwetu, na fimbo haisaidii. Akanitaka nimrudishie redio yake, naye anirudishie ng'ombe wangu.

Shida yangu ingekwisha palepale, kama ningekuwa na redio. Nikamjibu kwamba ng'ombe si shati la mitumba, hajaribiwi akarudishwa. Nikamshauri aache fimbo, aongee na Diwani kwa upole, amwulize anajisikiaje. Akaniuliza redio inasikika vizuri? Nikasema inapumzika.

Isdori alipoondoka Fortunata akaja na ile kamba ya kubebea mkononi. Kuku walikuwa wamefukua samadi. Kuku walewale ninaowaamini. Mke wangu akinisema kwa Kiswahili bado kuna maelewano. Leo alianza na Kifipa na akamaliza na Kifipa.

Ijumaa, 5 Novemba

Kesho Zenon anakuja. Nimewaza sana, na jibu nimelipata. Katibu anataka mtu anayemwelewa pale kushoto, mahali pa Diwani. Ni nani anayemwelewa kuliko mimi? Nikavaa kengele ya Diwani, nikaingiza shingo kwenye nira. Fortunata akaniambia, Baba Stefania, watu wanapita njiani. Nikamwambia ashike plau.

Tulianza vizuri! Katibu akanusa kengele, akainuka. Tukavuta. Nilisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia. Katekista Benjamini akapita na baiskeli, nikamwamkia shikamoo nikiwa ndani ya nira. Akaitika marahaba na kuongeza mwendo.

Ndipo Diwani akalia ng'ambo ya ua. Katibu hakuaga. Tulipita katikati ya ua wa Isdori, yeye, mimi na plau. Fortunata alishaachia zamani. Shati langu lilibaki kwenye miti ya ua.

Diwani akaja mbio. Wakanusana, wakasuguana vichwa, wakalambana shingo, na kwa kuwa shingo yangu ilikuwa palepale, nikalambwa na mimi. Nikayatazama macho ya Katibu kwa karibu kuliko siku zote. Hakuniambia kitu. Hakuwa na habari na mimi kabisa. Nililia. Kwa watu nimesema ni ule ulimi, unakwaruza.

Isdori alikaa chini kwa kicheko. Fortunata hakungoja anyamaze. Akamweleza habari ya redio, na papo hapo akapanga: Diwani arudi zizini kwa mwenzake, maksai walime shamba la Isdori kwanza, halafu letu, na mshika plau wa mashamba yote mawili niwe mimi. Isdori akakubali kwa kutikisa kichwa, maana sauti hakuwa nayo.

Jumamosi, 6 Novemba

Zenon kafika na kamba. Kamkuta Katibu kazini, na Diwani kushoto kwake, wanavuta kama hawajawahi kuachana. Walipopumzishwa Katibu kala pumba zake na za Diwani. Zenon karudi mjini na kamba yake, baada ya kula ugali wetu.

Viganja vyangu vimetoka malengelenge.

Jumapili, 7 Novemba

Baada ya misa watu wamempongeza Fortunata. Mimi wameniulizia shati. Sawa. Lakini ni nani aliyemfikisha Katibu kwa Diwani? Shingo ya nani ilitumika? Kipaji kimefanya kazi, asiyetaka kuona shauri yake.

Jioni nimekaa zizini. Maksai wamelala wamegusana mabega, wanacheua. Furaha tupu. Mara mbuzi wetu jike, yule mweupe, akasogea akanitazama kwa muda mrefu. Nimemwelewa mara moja. Amechoka na hapa. Anataka kubadilisha mazingira.

Nimekumbuka kwamba Isdori leo kanisani alikuwa na saa mpya ya mkononi, inayowaka taa ukibonyeza. Nitapita kwake kesho asubuhi. Si kwa ajili ya saa.

Mwanawe yule mbuzi alikuwa pembeni analia, lakini bado mdogo mno, simwelewi vizuri.