Draivu ya Mzee Maranga

Tk-tk, grrr. Tk-tk, grrr. Alfajiri, kabla hata jogoo hajawika, ukuta ulikuwa ukilia. Levi, aliyekuwa amelala kwa binamu yake Joash mjini Migori, alifungua jicho moja. Mlio huo aliujua: mashine ya gemu ya zamani inajaribu kusoma diski, inashindwa. Jicho la pili likafunguka kwa furaha.

Levi alijiita fundi. Bisibisi alikuwa nayo moja tu. Kazi iliyobaki aliifanya kwa ulimi.

Kulipokucha akabisha kwa jirani, Mama Susana.

"Mama, mashine yako imelia mpaka nimeingiwa na huruma."

"Ni ya mzee wangu," Susana akasema.

Mzee Maranga alikuwa kwenye kochi, mkono wa kulia na ulimi vizito tangu apate kiharusi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuamka kwa kucheza mpira wa gemu. Tangu diski zigome, vilikuwa vimelala tena.

Levi akafungua mashine, akaguna kama daktari. Lenzi ilikuwa na vumbi tu. Susana alipoenda jikoni kuleta chai, Levi akachomoa draivu, kile kifaa kinachosoma diski, akachomeka nyingine iliyokufa kitambo kutoka mkobani mwake. Akanywa vikombe viwili, maana hata mwizi hupata kiu, akaaga akisema anaenda Homa Bay kuitafutia mashine dawa.

Mchana alikuwa Homa Bay, kwa Maurice mwenye chumba cha gemu, akitaka kumuuzia draivu. Lenzi alikuwa ameifuta, inang'aa. Maurice akaijaribu kwenye mashine yake: kimya.

"Ndugu yangu, hizi draivu zimefunga ndoa," Maurice akacheka. "Kila moja inakubali mashine yake tu. Lete mashine nzima."

Jioni Levi akarudi Migori na uongo mpya mdomoni. Hakupata nafasi ya kuutoa.

"Karibu, mwanangu, nikupokee mzigo," Susana akasema, na mkoba ukawa mikononi mwake. Mgeni gani hukataa kupokelewa mzigo?

Ndani walikuwa Joyline na akina mama wenzake wa kwaya. Susana akaitoa draivu mkobani mbele yao.

"Tazameni! Fundi ameipeleka draivu yetu mpaka Homa Bay kuitibu, kwa nauli yake mwenyewe!"

"Bwana asifiwe!" wakapiga makofi. Joyline akakimbia kuleta pasi yake iliyoharibika.

Levi angefanya nini? Akairudisha draivu mahali pake. Diski ikazunguka, ikasoma. Kidole gumba cha mzee kikabonyeza, kisha cha shahada kikakifuata polepole, na Levi akajikuta anashangilia kuliko wote.

Susana akamwekea ugali na samaki, akamwinamia sikioni.

"Kula, mwanangu. Kuiba na kurudisha siku moja kunachosha."

Levi akarudisha tonge sahanini. "Mama, ulijua?"

"Kiharusi hakikugusa macho ya mzee."

Alipomaliza kutengeneza pasi ya Joyline, bure kabisa, Levi akanyemelea mlango. Nyuma yake mkono wa kulia ukainuka.

"Njoo... tena," Mzee Maranga akasema. "Jumapili. Tu... tucheze."