Kiti Kimoja Kikaoni

Jumatatu, 3 Machi
Uanagenzi wa utawala wa biashara unaendelea, kampuni ya samani. Kazi ya leo: kupanga viti vya kikao. Nimevipanga kwa mapenzi. Wakubwa wakavikalia, wakafunga mlango, nami nikabaki koridoni kama ndala. Ndani wakacheka. Kile kicheko kizito cha watu wanaoamua mambo! Walicheka nini? Nikasimama hapo hadi Mama Katibu, anayetufundisha kazi, akaniuliza kama nalinda mlango usiibwe.

Jumanne, 4 Machi
Mama kapiga simu. Eti, nimeshaanza kukaa na wakubwa? Nikamwambia tumekaribiana sana. Si uongo, ukuta ni mwembamba. Akafurahi mpaka sauti ikamkauka. Majirani wote ameshawaambia. Nilipokata simu, moyo ulikuwa mzito kama jiwe. Lazima niingie chumba kile. Lazima!

Jumatano, 5 Machi
Njia imepatikana! Mwanagenzi mwenzangu, tunayemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake, ndiye aliyepangiwa kuandika kumbukumbu za kikao cha kesho. Nikamdokeza, kwa nia njema, kwamba Meneja humbana mwandishi kwa maswali. Akaendelea kupanga karatasi zake. Nikaongeza kwamba mwandishi aliyepita alizimia. Akasema, “Kama unakitaka kiti, si useme?” Akaniachia zamu. Kanasa!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeingia! Kiti laini. Meza inang'aa, nikaiona sura yangu humo: mkuu wa idara mtupu. Meneja alieleza habari za ghala, sijui nini. Kila alipotua, nikaitikia kwa kichwa. Walipocheka nami nikacheka, ila nilichelewa, nikawa nacheka peke yangu. Mwanga wa dirisha ukauangukia mkono wangu wenye kalamu. Nikautazama sana. Laiti Mama angeuona!
Jioni Mama Katibu akaomba kumbukumbu. Lo! Nilikuwa nimeandika: Kikao kilifana.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja kaniita. Kasoma sentensi yangu kwa sauti, kwa bahati mbaya haikuchukua muda. Akauliza tuliamua nini kuhusu ghala. Nikajibu tuliamua kwa busara. Hakucheka. Kumbe tangu asubuhi Kimya amezunguka meza kwa meza akiwauliza wakubwa, ameokoteza kikao kizima. Kiti sasa ni chake. Mimi mapokezi, mpaka nijifunze kusikiliza.
Kimya hakunicheka. Alisema tu nikitaka atanielekeza. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba, nikajiinamia huku maji yakinipigia kelele. Nyuma ya ukuta wakubwa walianza kikao kingine. Wakacheka tena.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari, nimeelewa. Hakuna aingiaye kampuni hii bila kupita kwangu! Hata Meneja alisimama mbele yangu akaniamkia. Nani mwingine humsimamisha Meneja? Ni wazi wananiandaa kwa cheo, wanaficha ili wengine wasione kijicho. Kimya amekuja kunielekeza, nikamwambia nimebanwa na majukumu.
Saa nne kaingia mzee mmoja, akataka kupita moja kwa moja. Nikamwambia akae, kwanza nimfikirie. Akaanza kujieleza. Nikainua kiganja. Akakaa! Nimemfikiria hadi adhuhuri.
Ndipo Mama Katibu akaja mbio, viatu mkononi, akimwomba radhi. Kumbe mzee huyo ndiye mwenye kampuni. Alipopita aliniuliza jina langu, akaniomba nilitaje tena, polepole.
Hatimaye! Sasa najulikana juu.